Sarafu za Shaba za Roma: Kongwe Sana, Lakini Je, Ni Adimu?

Kuna picha inayorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook: kiganja kimeshika kisarafu cha kijani chenye kichwa cha mfalme, na maelezo yanasema kitu hicho kina miaka 1,700, kwa hiyo bei yake ni mamilioni. Chini yake watu wanaulizana mnunuzi yuko wapi. Wengine wanatuma picha za hela za Mjerumani na senti za Mwingereza zenye tundu, wakitaka kujua kama nazo zina bei.

Hamu hiyo naielewa. Kushika kitu alichokishika mtu aliyeishi zama za Konstantino, mfalme wa Roma, kunasisimua, na hakuna haja ya kumcheka anayeuliza thamani yake. Tatizo liko kwenye hesabu iliyofichwa ndani ya swali: ni kongwe, kwa hiyo ni adimu, ni adimu, kwa hiyo ni ghali. Kwa sarafu za shaba za Roma, hesabu hiyo inakatika mahali pawili. Ziko sarafu za miaka 1,700 ambazo dola 10 au 20 zinatosha kununua moja halali kutoka kwa muuzaji anayeaminika. Na ziko ambazo kielelezo kinachojulikana ni kimoja tu duniani, lakini hakuna anayezigombania.

Tuanze na metali yenyewe. Wakusanyaji wanaposema "bronzi za Kirumi" wanatia chini ya jina moja vitu vitatu: shaba tupu, bronzi halisi ambayo ni shaba iliyochanganywa na bati, na shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Hizo ndizo zilizokuwa pesa za sokoni, za mkate, mvinyo na bafu la umma. Dhahabu na fedha zilikuwa za mishahara, kodi na akiba.

Mwanzoni, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, sarafu ya shaba iliyoitwa asi ilikuwa donge zito la kumimina kwenye kalibu, lenye uzito wa karibu ratili nzima ya Kirumi, yaani gramu 300 hivi. Upande mmoja ilikuwa na Janus, mungu wa nyuso mbili, na upande wa pili omo ya merikebu. Gharama za vita dhidi ya Hannibal, jemadari wa Carthage, kuanzia 218 hadi 201 KK, ziliipunguza uzito vibaya sana. Kufikia zama za Augusto, mfalme wa kwanza wa Roma, mwaka 23 KK hivi, mpangilio ukawa mpya: sesterti na dupondi (sawa na asi mbili) zikatengenezwa kwa shaba ya manjano, asi kwa shaba nyekundu. Dinari moja ya fedha ilikuwa sawa na sesterti 4 au asi 16. Sesterti ilikuwa sarafu kubwa, gramu 25 hivi, na ukubwa huo uliwapa wachongaji nafasi ya kuonyesha mambo makubwa: bandari ya Ostia wakati wa Nero, uwanja wa Colosseum wakati wa Titus, Yudea iliyoshindwa wakati wa Vespasian. Mpaka leo mkusanyaji wa bronzi akisema anatafuta "kitu kizuri," mara nyingi anamaanisha sesterti.

Kisarafu cha kwenye picha ya WhatsApp ni cha ukoo mwingine. Mwaka 294 hivi mfalme Diocletian alianzisha sarafu mpya ya bronzi yenye fedha kidogo ndani yake, gramu 10 hivi. Kabla ya nusu karne kupita ilikuwa imekonda hadi chini ya gramu 2. Viwanda vya kuigonga vilitapakaa kutoka London hadi Antiokia na Aleksandria, na jeshi lilipaswa kulipwa. Basi ziligongwa kwa wingi usioelezeka.

Wingi huo unaonekana ardhini. Mwaka 2016, mafundi waliokuwa wakichimba mtaro wa mabomba huko Tomares, karibu na Seville nchini Hispania, walikuta mitungi 19 iliyojaa sarafu za aina hii, jumla ya kilo 600 hivi. Mwaka 2013 shamba moja la Devon, Uingereza, lilitoa sarafu 22,888. Mwaka 2010 huko Frome, Somerset, chungu kimoja chenye sarafu za zama zilizotangulia kidogo kilitoa sarafu 52,503. Enzi ile benki ya kuwekea akiba haikuwepo kwa mtu wa kawaida. Watu walifukia, wengine wakafa au wakahama, na mali ikabaki udongoni. Ndiyo maana Konstantino ni rahisi kumpata.

Adimu ni nini basi?

Uadimu una sababu zake, na ukizijua sababu huhitaji kukariri orodha. Ya kwanza ni muda. Mfalme aliyetawala miaka 20 aliacha sarafu kila mahali. Aliyetawala wiki tatu hakupata nafasi. Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka Afrika.

Mwaka 238, vijana wenye mashamba katika mji wa Thysdrus, ambao leo ni El Djem nchini Tunisia, walichoshwa na mtoza kodi wa mfalme Maximinus wakamuua. Kwa kuogopa kisasi, walimwendea gavana wa jimbo la Afrika, mzee wa miaka 80 hivi aitwaye Gordian, wakamlazimisha kuwa mfalme. Alimtawaza mwanawe pamoja naye. Seneti ya Roma, iliyomchukia Maximinus, iliwakubali mara moja, na kiwanda cha Roma kikaanza kugonga sarafu zao. Wiki tatu baadaye mwana aliuawa vitani karibu na Carthage, akipigana na jeshi la gavana wa Numidia, na baba akajinyonga. Kwa hiyo wapo wafalme wawili ambao hawakukanyaga Roma hata siku moja wakiwa wafalme, lakini sesterti zao zilizogongwa Roma zipo, na zimechongwa vizuri mno. Baba anaonekana mzee mwembamba. Mwana ana uso mnene na paji lililoanza upara. Maandishi ya wote wawili yana herufi AFR, kifupi cha Africanus. Sura ikiwa bado inasomeka, sesterti ya namna hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola.

Hapa ndipo wanunuzi wapya hupotea. Mwaka huohuo mjukuu wa familia hiyo, mvulana wa miaka 13 hivi, alifanywa mfalme, akatawala hadi 244. Naye anaitwa Gordian, na sarafu zake ni nyingi sana. Muuzaji akiandika "Gordian, adimu" bila kusema yupi, tafuta herufi AFR na utazame uso: kama ni wa kijana asiye na ndevu, huyo ni mjukuu.

Sababu ya pili ni kuharibiwa kwa makusudi. Caligula alipouawa mwaka 41, Seneti haikutaka kumkumbuka. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba iliamuliwa sarafu za shaba zenye sura yake ziyeyushwe, na kwamba Messalina, mke wa mfalme aliyefuata, alitumia shaba hiyo kumchongea sanamu mcheza maigizo aliyempenda. Lakini angalia kinachotokea ukienda mnadani. Sesterti ya Caligula yenye dada zake watatu ni adimu kweli na ghali kweli. Asi yake yenye mungu wa kike Vesta inapatikana kwa urahisi. Amri ya Seneti haikufika kila mfuko wa kila mfanyabiashara, na hata kwa mfalme mmoja uadimu hutofautiana sarafu kwa sarafu.

Ya tatu ni kwamba sarafu nyingine hazikuwahi kuwepo. Otho alitawala miezi mitatu tu mwaka 69. Kiwanda cha Roma kiligonga dhahabu na fedha yake, lakini bronzi hakikugonga. Zilizopo ni za majimboni, hasa Antiokia na Aleksandria. Sasa fikiria wakusanyaji waliotaka kukamilisha safu ya Kaisari 12 wa kwanza kwa sesterti: walibaki na pengo lisilozibika, na penye pengo kama hilo lazima atokee wa kuliziba. Katika karne ya 16 huko Padua, Italia, fundi hodari aitwaye Giovanni da Cavino alichonga mihuri ya kuiga sarafu kubwa za Kirumi, akiwemo Otho. Kazi zake ni nzuri kiasi kwamba leo zina wakusanyaji wake, mradi ziuzwe kwa jina lake. Ukiletewa sesterti ya Otho iliyogongwa Roma, jibu unalo kabla hujaitazama.

R5 na ujanja wa herufi

Kwenye matangazo ya mauzo utakuta alama kama R3, R4 na R5. Zinatoka kwenye Roman Imperial Coinage, orodha kuu ya sarafu za kifalme iliyoanza kuchapishwa 1923. Katika juzuu ya zama za Konstantino, iliyotoka 1966, R5 ina maana kwamba mwandishi alikuta kielelezo kimoja tu katika makusanyo makubwa aliyoyapitia. Inasikika vizuri, lakini kuna mambo mawili ya kupima.

Kwanza, juzuu hiyo ilichapishwa kabla ya vifaa vya kutambua metali kuenea mashambani Ulaya. Maelfu kwa maelfu ya sarafu zimeibuka tangu wakati huo, na baadhi ya R5 za 1966 leo zinajulikana kwa makumi. Pili, sarafu za karne ya nne zina herufi ndogo chini ya picha ya nyuma zinazotaja kiwanda na karakana iliyozigonga. Aina moja ya sarafu, kwa mfano askari wawili wenye bendera, iligongwa kwenye viwanda vingi, kila kiwanda na karakana zake. Orodha inahesabu tofauti hizo moja moja. Kwa hiyo sarafu inaweza kuwa R5 kwa sababu ya herufi moja tu, wakati dada zake zenye picha ileile zimejaa kila mahali. Anayejali herufi hiyo ni mtafiti na wakusanyaji wachache, na bei inafuata idadi ya wanaoitaka. Muuzaji anayepandisha bei mara 20 kwa kutaja R5 anategemea kwamba hujui hili.

Wasomaji wengi wa Biblia nao wanauziwa "sarafu ya mjane" pamoja na cheti. Injili ya Marko inasema mjane alitoa sarafu mbili ndogo kabisa, na inazilinganisha na sarafu ya Kirumi ili msomaji wa nje ya Yudea aelewe. Visarafu vinavyouzwa kwa jina hilo kwa kawaida ni vya mfalme wa Kiyahudi Alexander Jannaeus, aliyetawala 103 hadi 76 KK, vyenye nanga upande mmoja na nyota upande wa pili. Viliendelea kutumika muda mrefu, kwa hiyo si uongo kusema vingeweza kuwa mkononi mwa mjane yule. Lakini si vya Kirumi, ni vingi mno, na cheti hakiongezi chochote juu ya kile ambacho kipande chenyewe kinaonyesha.

Hali ya sarafu, na kosa la ndimu

Sarafu mbili za aina moja zinaweza kutofautiana bei mara 100. Sesterti ilipita mikononi kwa vizazi, na nyingi zimechakaa hadi uso ukabaki kivuli. Iliyosalia na nywele, masikio na herufi zote ni jambo jingine kabisa. Desemba 2008, sesterti moja ya Hadrian ilipigwa mnada Geneva na kufikia faranga za Uswisi milioni 2. Sesterti za Hadrian kwa jumla si shida kupata. Watu walilipia mkono wa msanii aliyeichonga na namna ilivyohifadhika.

Rangi ya kijani, kahawia au nyeusi inayofunika shaba ya kale huitwa patina. Ni ngozi iliyotengenezwa na shaba ikikutana na hewa, maji na udongo kwa karne nyingi. Ni ngumu, laini kwa kugusa, na inalinda michongo iliyo chini yake. Sisi tumezoea kusugua vyombo vya shaba kwa ndimu au ukwaju mpaka ving'ae. Ukiifanyia hivyo sarafu ya kale, unayeyusha ngozi hiyo pamoja na sehemu ya uso wa mfalme, na hakuna fundi atakayeirudisha. Hili ndilo tukio linalonisikitisha kuliko hata bei za uongo, kwa sababu anayelifanya huwa ana nia njema.

Kijani kingine ni cha hatari. Chumvi za kloridi zikiwa ndani ya shaba na kukutana na unyevu, hutoa unga mwepesi wa kijani kilichopauka, unaochokonoka kwa kijiti cha meno na kurudi tena baada ya siku chache. Wakusanyaji huuita ugonjwa wa bronzi, na ukiachwa huitoboa sarafu. Mtu anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja lazima alichukulie hili kwa uzito, maana hewa yetu ina unyevu na chumvi. Sarafu yenye dalili hulowekwa kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled water), maji yakibadilishwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa, kisha hukaushwa kabisa na kuwekwa kwenye kisanduku kinachofunga pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vifuko laini vya plastiki ya PVC viepukwe; navyo hutoa kemikali inayokula shaba.

Kuhusu bandia, macho yanaweza kufundishwa. Sarafu halisi za zama za wafalme ziligongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili, kwa hiyo mistari yake ni mikali na ukingo mara nyingi una mpasuko mdogo. Bandia ya kumimina ina vishimo vya mapovu, maandishi yaliyolegea, na pengine mstari wa mshono kuzunguka ukingo. Udanganyifu mgumu zaidi ni wa sarafu halali iliyochongwa upya: mtu huchukua sesterti iliyochakaa na kuchora nywele na mikunjo ya nguo kwa kisu cha fundi. Kitu ni cha kale, uso ni wa jana. Dalili yake ni michongo mikali mno kwenye sarafu ambayo ukingo na herufi zake zimechakaa.

Hati ya asili

Sarafu isiyojulikana ilitoka wapi ni sawa na kiwanja kisicho na hati: unaweza kukaa juu yake miaka mingi, lakini siku swali likiulizwa huna la kujibu. Mfano uliotikisa soko ni wa dhahabu, ila funzo lake ni la sarafu zote. Mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya Brutus, iliyogongwa kuadhimisha kuuawa kwa Julius Caesar, iliuzwa London kwa takriban dola milioni 4.2. Baadaye ilithibitika kwamba historia ya umiliki wake ilighushiwa, na Machi 2023 waendesha mashtaka wa Manhattan waliirudisha Ugiriki.

Sheria hutofautiana. Italia, kinachotoka ardhini ni mali ya serikali. Uingereza, sheria ya mwaka 1996 inamtaka aliyepata sarafu kumi au zaidi za shaba zilizofukiwa pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, atoe taarifa, na makumbusho yakizitaka, fidia hulipwa. Marekani ilianza mwaka 2011 kuzuia aina fulani za sarafu za kale za Italia kuingizwa bila hati. Vifurushi vya "sarafu zisizosafishwa" vinavyouzwa kwa kilo mtandaoni mara nyingi havina hati yoyote, na nyingi ya sarafu hizo zinadhaniwa kuchimbwa kwa siri kwenye maeneo ya kale ya nchi za Balkani. Mimi sizipendekezi kwa yeyote, hata kama ni rahisi.

Kinachopotea kwa uchimbaji wa namna hiyo unaweza kukiona kwa kutazama Frome. Aliyekigundua chungu kile kwa kifaa chake aliacha kuchimba, akaita wanaakiolojia. Waliondoa sarafu tabaka kwa tabaka. Wakagundua kwamba sarafu za Carausius, mtawala aliyejitangaza mfalme huko Uingereza, ambazo ni za mwisho kwa tarehe, nyingi zilikuwa chini kuliko za wafalme waliomtangulia. Kama ingekuwa akiba iliyowekwa kidogo kidogo, za mwisho zingekuwa juu. Chungu kilijazwa kwa wakati mmoja, na kwa uzito wa kilo 160 lazima kilifukiwa kwanza ndipo kikajazwa. Baadhi ya wataalamu wakaanza kufikiria sadaka ya watu wengi, badala ya tajiri aliyeficha mali. Zingemwagwa kwenye gunia usiku, sarafu zingebaki zilezile 52,503 na habari yote hii isingekuwepo.

Pwani yetu imo kwenye habari hii kwa njia ya biashara. Mwongozo wa safari wa Bahari ya Eritrea (jina la kale la Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi), ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unataja Rhapta, soko la mwisho la Azania kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Unasema pia kwamba Adulis, katika Eritrea ya leo, watu waliagiza shaba ya manjano kwa mapambo na kuikata vipande vitumike kama fedha. Hiyo ni metali ileile ya sesterti. Kwa Rhapta unaorodhesha mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo, wala sarafu hazimo. Sarafu nyingi zinazotajwa kuwa za Kirumi kwenye pwani hii zilitoka mikononi mwa watu, bila kumbukumbu ya shimo zilimotoka, kwa hiyo hazituambii kama zililetwa na baharia wa karne ya kwanza au msafiri wa karne ya 19.

Ndiyo sababu mahali ilipookotwa sarafu pana uzito kuliko sarafu yenyewe. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863; Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Ukiona kisarafu cha kijani kwenye mchanga wa Kilwa, Mafia au Lamu, usikisugue na usikitie mfukoni. Kipige picha hapohapo pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, andika mahali na kina kilipokuwa, kisha uwapelekee taarifa watu wa mambo ya kale au makumbusho ya karibu. Huenda kikawa cha masultani wa Kilwa, ambao nao waligonga sarafu za shaba kwa wingi, na hicho nacho kina mengi ya kutueleza.